‘Shetani alinipitia’: Toba ya mdomoni inavyowakinga wanyanyasaji kanisani

Mpanda. Jumapili asubuhi katika Manispaa ya Mpanda, ukitaka kumpata mtu nyumbani lazima uwe na bahati. Makanyagio, Majengo, Kashaulili, Nsemulwa hadi Kawajense, watoto wametangulia mafundisho, mama yuko kwaya, baba yuko kikao cha wazee wa kanisa. Mji huu ni makao ya Jimbo Katoliki la Mpanda, lililoanzishwa mwaka 2000, na pia ya Dayosisi ya Ziwa Rukwa ya Kanisa Anglikana. Ukienda Katumba na Mishamo, makazi yaliyofunguliwa miaka ya 1970 kuwapokea wakimbizi kutoka Burundi, makanisa ya Kipentekoste ni sehemu ya maisha ya kila siku kama ilivyo soko.

Imani hiyo kwa watumishi wa Mungu haikuja bure. Kule Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, wazee bado wanalijua jina la Adrian Atiman, aliyetekwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akakombolewa, akasomea tiba Malta na kuja kuwatibu watu wa Karema akiwa daktari na katekista, hadi alipofariki mwaka 1956. Kwa vizazi vingi katika ukanda huu, katekista alikuwa ndiye mtu anayejua kusoma, anayejua dawa, anayepatanisha waliogombana. Kumwachia mtu wa namna hiyo mtoto kulikuwa sawa na kumwachia mjomba.

Ndiyo maana mtu mwenye nia mbaya akitafuta mahali pa kujificha, kanisa linamfaa. Si kwa sababu wakristo ni wabaya kuliko wengine. Ni kwa sababu wanaamini haraka na wanasamehe haraka, na jambo la pili huwa linawasumbua wazazi zaidi kuliko la kwanza.

Katavi haina nafasi ya kulichukulia suala hili kirahisi. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015/16 uliuweka mkoa huu juu kabisa nchini kwa mimba za utotoni: asilimia 45 ya wasichana wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa tayari wamezaa au ni wajawazito, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 27. Takwimu hizo hazisemi nani aliwapa mimba, na itakuwa uonevu kuwabebesha lawama hiyo viongozi wa dini. Lakini utafiti mwingine, ule wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika nchini mwaka 2009, ulionyesha kuwa karibu wasichana watatu kati ya 10 na mvulana mmoja kati ya saba walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Takribani nusu ya wasichana hao hawakumwambia mtu yeyote. Kwa wavulana, wengi zaidi walinyamaza.

Mtoto hanyamazi hivyo kwa sababu ya mtu aliyemvamia njiani. Wa njiani atasemwa jioni ile ile. Ananyamaza kwa sababu ya mtu ambaye mama anamkaribisha chai.

Humuanza mzazi kwanza

Wazazi wengi wanamsubiri mnyanyasaji mwenye sura ya kutisha. Anayekuja ni mwalimu wa kwaya mwenye subira, kiongozi wa vijana asiyechoka, mzee wa kanisa anayejua kuomba mpaka watu wanalia. Kabla ya kumgusa mtoto, anakuwa ameshamshinda mzazi. Atasaidia ada, atanunua daftari na viatu vya shule, atajitolea kumrudisha binti nyumbani kwa bodaboda baada ya mazoezi ya kwaya kwisha usiku. Mama anayelea watoto peke yake, au ambaye mumewe yuko machimboni na harudi kwa miezi, atamwona mtu huyo kuwa jibu la maombi. Na pengine ni jibu kweli. Watu wema wanaofanya hayo wapo wengi. Tofauti huonekana pale mzazi anapoweka mpaka. Mtu mwema akiambiwa “kuanzia leo mtoto atarudi na dada yake”, atasema sawa. Mwenye lake jambo atanuna, atakumbusha fadhila zake, au atamwambia mtoto kwamba mama yake hana imani.

Hatua inayofuata ni kumtenga mtoto. Kanisani zipo njia za kufanya hivyo ambazo mahali pengine hazipo. Kuna maombi ya faragha. Kuna mkesha. Kuna kambi ya vijana ya siku tatu. Kuna unabii: binti anaambiwa ana roho ya ukoo inayomfuata, inahitaji kufunguliwa na mtumishi mmoja tu, mlango ukiwa umefungwa, na asimwambie mtu kwa sababu akisema maombi yatapoteza nguvu. Hapo siri imepewa jina la kiroho. Mtoto wa miaka 12 hana namna ya kubishana na jambo analoambiwa limetoka kwa Mungu.

Katikati ya hayo huwa kuna majaribio madogo: mzaha wenye maneno ya chumbani, mkono unaokaa begani muda mrefu kuliko inavyotakiwa, ujumbe wa simu saa tano usiku wenye aya ya Biblia na swali lisilo na uhusiano na aya hiyo. Anapima. Mtoto akienda kumwambia mama, atasema alikuwa anatania. Mtoto akinyamaza, anasogea hatua nyingine.

Kwa upande wa mtoto, mwili mara nyingi husema kabla ya mdomo. Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani anaanza tena. Analalamika maumivu anapokojoa, au ana uchafu na michubuko sehemu za siri. Anayependa kuimba ghafla hataki kwenda kwaya, na sababu anazotoa zinabadilika kila Jumamosi. Anajua maneno ya tendo la ndoa ambayo umri wake hauyaruhusu. Ana pesa au simu ambayo haielezeki. Hakuna hata dalili moja kati ya hizo inayotosha kumhukumu mtu, lakini kila moja inatosha mzazi kukaa chini na mtoto na kusikiliza bila haraka.

Sauli na Zakayo

Siri ikifumuka, ndipo maneno yanayojulikana na kila mtu husikika: “Shetani alinipitia.” Ni sentensi fupi yenye kazi kubwa. Ndani yake aliyetenda ni shetani, msemaji ni njia tu. Aliyeumizwa hayumo kabisa.

Wanaoijua Biblia wana mifano miwili iliyo wazi kuliko kitabu chochote cha saikolojia. Mfalme Sauli, alipobanwa na nabii Samweli, alikiri kwamba ametenda dhambi. Lakini ukiisoma habari hiyo katika 1 Samweli 15, anaanza kwa kukana, anahamishia kosa kwa watu wake, na anapokiri hatimaye, ombi lake ni kwamba Samweli aendelee kumheshimu mbele ya wazee wa taifa. Alichokililia ni kiti. Zakayo wa Luka 19 hakuomba aendelee kuheshimiwa. Alitaja nusu ya mali yake, akataja waliodhulumiwa, akasema atawarudishia mara nne. Alianza na hasara yake mwenyewe.

Kati ya watu hao wawili, mzazi au baraza la kanisa linaweza kupima karibu kila toba inayoletwa mbele yao. Mtu aliyekiri kabla hajagunduliwa ni tofauti na aliyekiri baada ya ujumbe wa simu kuonekana. Anayetaja yote ni tofauti na anayekiri kile tu ambacho tayari kinajulikana, kisha wiki ijayo kikijulikana kingine anakiri na hicho. Anayejiondoa mwenyewe kwenye huduma ya watoto ni tofauti na anayeuliza atarudishiwa lini kipaza sauti. Machozi hayapimi kitu. Esau naye alilia. Pengine kipimo chenye nguvu kuliko vyote ni hiki: mwambie hatasamehewa leo, kisha mwangalie. Aliyetubu kweli atakubali kwamba aliyemuumiza hana deni kwake. Wa uongo atakasirika, na ndani ya dakika chache wenye makosa watakuwa ni mtoto, mama wa mtoto na “watu wanaotaka kuliangusha kanisa.”

Mtafiti wa saikolojia wa Marekani, Jennifer Freyd, aliuelezea mwenendo huo tangu miaka ya 1990: mtuhumiwa anakana, anamshambulia anayemtuhumu, halafu anageuza kibao ili yeye ndiye aonekane mwenye kuonewa. Makanisani hatua ya tatu ina lugha yake. Anasema anapigwa vita. Anasema huduma yake inawindwa. Aya inayokataza kuwagusa watiwa mafuta wa Bwana inatolewa, na waumini wanaanza kufunga na kumuombea yeye, huku familia ya mtoto ikiacha kusalimiwa.

Aliyefukuzwa kimyakimya akaja Afrika

Mfano ulioandikwa kwa kina kuhusu gharama ya kuyamaliza mambo ndani kwa ndani unatoka Uingereza, lakini sehemu yake chungu ilitokea Afrika. John Smyth alikuwa mwanasheria mwenye jina na kiongozi wa kambi za Kikristo za wavulana. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 aliwachapa vijana kwa fimbo hadi damu ikatoka, katika kibanda bustanini kwake, akiwaambia kwamba hiyo ndiyo njia ya kuzishinda dhambi zao. Toba ndiyo iliyokuwa chombo chake cha mateso.

Mwaka 1982 mchungaji mmoja aliandika ripoti ya siri kuhusu yaliyotendeka. Viongozi waliosoma walielewa kwamba ni makosa ya jinai. Polisi hawakuambiwa. Mwaka 1984 Smyth alihamia Zimbabwe na familia yake, akaanzisha huduma nyingine na kambi nyingine za wavulana. Mwaka 1992 kijana wa miaka 16 alikutwa amekufa kwenye bwawa la kuogelea katika kambi yake. Smyth alishtakiwa kuhusiana na kifo hicho lakini kesi ilianguka, akahamia Afrika Kusini, na mwaka 2018 akafa bila kuhukumiwa na mahakama yoyote.

Uchunguzi huru uliotolewa Novemba 2024 ulikadiria kuwa aliwaumiza zaidi ya wavulana na vijana 100. Siku chache baadaye, Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, alitangaza kujiuzulu, kwa kuwa alipewa taarifa mwaka 2013 na hatua zilizochukuliwa hazikutosha. Watu walioficha ripoti ile ya 1982 hawakuwa wanyanyasaji. Wengi waliona wanalilinda kanisa lisichafuke, na wakaona inatosha mtu kuondoka. Aliondoka, akafika kwa watoto wa Waafrika.

Jambo hilo lina jina la kienyeji: uhamisho. Kiongozi anapelekwa mtaa mwingine, usharika mwingine, wilaya nyingine. Wanaompokea hawaelezwi chochote.

Kenya nako kuna la kujifunza. Mwaka 2019 Paul Mackenzie, ambaye tayari alikuwa amekamatwa zaidi ya mara moja, alitangaza kulifunga kanisa lake huko Malindi. Ilionekana yamekwisha. Mwaka 2023 miili ya watu, wakiwemo watoto, ilianza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, ikapita 400. Mackenzie amekana mashtaka. Lakini somo la mwaka 2019 halihitaji hukumu ili lieleweke: mtu kufunga mlango mmoja hakuthibitishi kwamba ameacha alichokuwa anakifanya.

Baba anayepiga Jumamosi, anayeomba Jumapili

Si kila mhanga ni mtoto. Utafiti ule wa 2015/16 ulikuta asilimia 40 ya wanawake nchini wenye miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipofikisha miaka 15, na asilimia 17 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kingono. Baadhi ya nyumba hizo zina msalaba ukutani.

Mwanasaikolojia Lenore Walker, katika kazi yake ya mwaka 1979, alieleza mzunguko ambao wanawake wengi wanaufahamu bila kusoma: hewa nzito nyumbani, kipigo, kisha kipindi cha upole kinachofanana na fungate. Kipindi hicho cha tatu ndicho wazee wa kanisa hualikwa kukishuhudia. Mume amenunua kitenge, amepiga magoti, ameahidi mbele ya mchungaji. Mke anaambiwa avumilie, aombe zaidi, afunge kinywa. Hakuna anayerudi baada ya miezi miwili kuuliza.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpa mwenzake adhabu ya viboko. Ni kweli sheria hiyo hiyo inayapa mabaraza ya usuluhishi, yakiwemo ya kidini, nafasi ya kusikiliza migogoro ya ndoa. Lakini kusuluhisha ugomvi wa matumizi ya nyumbani ni jambo moja. Kumkalisha mwanamke aliyevunjwa mkono meza moja na aliyemvunja, na kumtaka aseme amesamehe, ni kumrudisha kwenye kipigo kijacho. Mchungaji mwenye busara huwasikiliza kila mmoja peke yake, na huuliza kwanza kama mama na watoto wana mahali salama pa kulala usiku huo.

Kusamehe si kufuta kesi

Hapa ndipo wazazi wengi hukwama. Wanaambiwa wakienda polisi watakuwa wamempeleka ndugu katika Bwana mahakamani. Vikao vinaitwa, fidia ya ng’ombe au fedha inatajwa, na wakati mwingine ndoa inapendekezwa.

Sheria haisemi hivyo. Ubakaji ni jinai, na anayeshtaki ni Jamhuri. Mzazi hana mamlaka ya kuisamehe kesi ya mtoto wake, wala baraza la kanisa. Chini ya Kanuni ya Adhabu, kama ilivyorekebishwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, kufanya ngono na msichana wa chini ya miaka 18 asiye mke wa mtu huyo ni ubakaji hata kama alikubali, na adhabu haipungui miaka 30 jela. Kifungu cha 130 kinakwenda mbali zaidi: kinamtaja kiongozi wa dini anayetumia nafasi yake kubaka, sambamba na mganga wa jadi na mtumishi wa hospitali. Waliotunga sheria hiyo waliliona tatizo zaidi ya robo karne iliyopita.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inampa kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya eneo lake. Na kwa wanaosema “hakuna shahidi”, Sheria ya Ushahidi inairuhusu mahakama kutia hatiani katika kesi za kingono kwa ushahidi wa mwathirika peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli.

Ndani ya Kanisa Katoliki, Papa Francis alitoa mwaka 2019 maelekezo yanayowataka mapadri na watawa kutoa taarifa za unyanyasaji, na kila jimbo kuwa na njia ya kuzipokea. Muumini ana haki ya kuuliza njia hiyo iko wapi kwenye jimbo lake. Hiyo ni ya kanisa. Ya polisi inabaki pale pale.

Saa 72

Wakati wazee wanapanga kikao cha Alhamisi, mwili wa mtoto unahesabu saa. Dawa za kuzuia maambukizi ya Virusi vya Ukimwi zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, mapema kadiri inavyowezekana, na hutumiwa kwa siku 28. Dawa za dharura za kuzuia mimba hufanya kazi ndani ya saa 120, na kadiri zinavyocheleweshwa nguvu inapungua. Kikao cha upatanisho cha siku tano kinaweza kumaliza nafasi zote mbili.

Kabla ya kwenda hospitali mtoto asiogeshwe, na nguo alizokuwa amevaa zisifuliwe. Ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa nailoni, kwa sababu unyevu unaharibu ushahidi. Fomu ya polisi, PF3, inahitajika kwa ajili ya kesi, lakini kama hali ni mbaya au polisi ni mbali, kama ilivyo kwa vijiji vingi vya Tanganyika na Mlele, matibabu yaanze na fomu ifuate. Kwenye vituo vya polisi ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri anahusika moja kwa moja. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bure, na hata mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Binti akigundulika ana mimba, shule haijaisha: tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu wanafunzi waliojifungua kurudi darasani.

Neno la kwanza la mzazi lina uzito kuliko mengi yatakayofuata. “Kwa nini hukupiga kelele?” humfunga mtoto mdomo. “Nakuamini, na si kosa lako” humfungua. Baada ya hapo asihojiwe na kila shangazi na kila mzee wa kanisa. Maelezo yatolewe kwa wanaohusika, mara chache iwezekanavyo.

Na kabla ya msimu wa kambi za likizo haujafika, yapo maswali ambayo mzazi anaweza kumuuliza mchungaji, paroko au mwalimu wa vijana bila kumvunjia heshima. Watu wazima wangapi watalala upande wa wasichana, na ni akina nani? Maombi ya mtoto mmoja mmoja yatafanyika wapi, na mlango utakuwa wazi? Mwalimu huyu mpya alitoka usharika gani, na nani aliwapigia simu wa kule kuuliza kwa nini aliondoka?

Anayejali watoto atakuwa na majibu. Kama hana, atashukuru kukumbushwa, na atapiga ile simu.